Chumvi Iliyoanguka Mkange

Watu wa Bagamoyo waliposikia kwamba Ibtisam binti Himid amerudi kutoka Uingereza na cheo cha udaktari, walianza kumletea maradhi yao. Mama mmoja alikuja na goti lililovimba. Mwingine alimleta mtoto mwenye upele. Ibtisam aliwakaribisha ndani, akawapa chai, kisha akaeleza kwa upole kwamba udaktari wake ni wa fizikia, tena wa tawi dogo tu, elimu ya fuwele.

"Fuwele ndiyo nini?" aliuliza yule mwenye goti.

"Ni kitu chochote ambacho chembe zake zimejipanga kwa safu, kama watu msikitini. Chumvi ni fuwele. Sukari ni fuwele. Barafu pia."

"Na goti?"

"Goti siliwezi, shangazi. Mfupa una fuwele ndani yake, lakini si hizo zinazokuuma."

Yule mama alicheka, akamaliza chai yake, akaenda zake hospitali.

Ibtisam alicheka pia, lakini mgeni alipoondoka alibaki amekaa na vikombe mbele yake. Hakuwa amerudi kwa sababu kazi yake ilikwisha. Alirudi kwa sababu baba yake alipata kiharusi.

Mzee Himid alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, mtu wa asili ya Omani ambaye jamaa zake walikuwa Bagamoyo tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka vizuri. Alikuwa na duka mjini na mashamba ya chumvi kule Nunge, ambako maji ya bahari hufungiwa kwenye mabwawa mapana mpaka jua liyakaushe. Mke wake alifariki mapema, akamwachia watoto wawili, Muataz na Ibtisam. Muataz alipenda duka. Ibtisam alipenda mashambani. Wakati wafanyakazi wakikusanya chumvi kwa reki, yeye alichuchumaa ukingoni akitazama punje zilivyojitengeneza, kila moja kama kisanduku chenye kona kamili.

"Nani anazikata?" alimwuliza baba yake.

"Hakuna anayezikata. Zinazaliwa hivyo."

"Kwa nini?"

Mzee Himid alikuwa mtu mkweli. "Sijui," alisema.

Alipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu, Ibtisam alirudi likizo na jibu. Alimchorea baba yake kwenye karatasi ya kufungia bidhaa jinsi aina mbili za chembe za chumvi zinavyokaa kwa zamu, hii na ile, hii na ile, juu na chini na pembeni, mpaka kisanduku kikakamilika. Baba alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kama kuna mahali mtu anaajiriwa kwa kujua hayo.

Mahali palikuwapo, ila palikuwa mbali. Alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, akaingia kwenye maabara ya profesa mmoja, mama mkali wa maneno machache, aliyekuwa akichunguza barafu. Pale Ibtisam alijifunza kuipiga fuwele kwa miali ya eksirei na kusoma alama zinazotawanyika upande wa pili, mpaka akaweza kusema kila chembe imekaa wapi. Kazi yake ilikuwa kugandisha maji na chumvi pamoja kwenye baridi ambayo hapa duniani hakuna. Sababu ya kazi hiyo ilikuwa Europa, mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii. Uso wake wote ni barafu, chini ya barafu inaaminika kuna bahari, na juu yake kuna madoa ya hudhurungi ambayo wataalamu wengi wanadhani ni chumvi iliyopanda kutoka chini. Hakuna anayeweza kwenda kuichota. Basi mtu anatengeneza barafu ya namna ile maabara, anaijua sura yake, ili siku chombo kikipita kule na kutuma habari, aweze kuitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake kwenye picha.

Aliifanya kazi hiyo vizuri. Alichaguliwa kuingia kwenye kundi la wanasayansi watakaosoma habari za chombo kimojawapo cha kwenda huko. Wiki ile ile Muataz, aliyekuwa amehamia Maskati, alipiga simu akilia. Baba alikuwa ameanguka dukani, mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, na maneno hayatoki.

"Mimi nina wake na watoto huku," Muataz alisema. "Wewe je?"

Lilikuwa swali lisilo na haki, lakini Ibtisam hakubishana nalo. Alimpenda baba yake, na hakutaka ahudumiwe na watu wa kulipwa peke yao. Alifunga mizigo, akarudi.

Chuo kimoja cha Dar es Salaam kilimpa kazi ya kufundisha fizikia ya mwaka wa kwanza. Alipanga chumba karibu na chuo, na kila Alhamisi jioni alikuwa njiani kwenda Bagamoyo, akipita Kerege na daftari za wanafunzi kwenye kiti cha pili cha gari. Nyumbani alimlisha baba yake, akamnyoosha mkono, akamfundisha upya kusema. Maneno yalirudi moja moja, mengine yakiwa yamepinda. Chuoni palikuwa na mashine kuukuu ya eksirei iliyotolewa msaada, na Ibtisam aliitengeneza mwenyewe kidogo kidogo, lakini hakuwa na kitu cha maana cha kuweka ndani yake. Barafu zake zilihitaji baridi ambayo mashine ile haikuijua. Miaka ikapita. Wenzake wa zamani waliandika makala, kwanza wakamshukuru mwishoni, baadaye wakaacha. Siku moja alifungua simu akaona picha ya lile kundi, wote wamesimama mbele ya chombo kabla hakijarushwa. Aliikuza picha, akatazama nyuso moja moja, akaifunga. Aliingia darasani akafundisha mwendo wa jiwe linalorushwa hewani, na hakuna mwanafunzi aliyegundua chochote.

Mwishoni mwa Januari, mchana kweupe, watu wa kaskazini mwa wilaya walisikia mshindo mkubwa angani. Wengine walidhani ni baruti za wajenzi wa barabara. Kesho yake Ibtisam alipokea video kutoka kwa Ramadhan, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mkange. Ilionyesha ua wa nyumba ya udongo, shimo dogo kwenye ardhi ngumu, na vipande viwili vya jiwe jeusi vilivyolala juu ya ungo.

"Dokta, shikamoo," ilisema sauti ya Ramadhan. "Hiki kimeanguka kwa mama yangu mdogo. Naomba uje kabla watu hawajakigawana."

Ibtisam alipita Msata, akaacha lami, akashika barabara ya vumbi inayopitia Miono. Alifika Mkange nguo zake zikiwa zimebadilika rangi. Mama mdogo wa Ramadhan aliitwa Sihaba, mjane wa makamo, mkulima wa mahindi na ufuta, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kizigua. Alimpokea Ibtisam kwa maji ya kunawa na mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pumzika kwanza. Hakikimbii."

Alipopumzika, Bi Sihaba alimwonyesha mahali penyewe. Alikuwa amekaa pale akipukuchua mahindi. Akainuka kwenda ndani kuchukua ungo. Aliposhika ungo, alisikia kishindo nje, na alipotoka akakuta kigoda alichokuwa amekalia kimepasuka.

"Kingeweza kuniua," alisema. "Hakikuniua. Kwa hiyo mimi na hiki kitu tuna jambo letu."

Ibtisam alipiga magoti mbele ya ungo. Ngozi ya jiwe ilikuwa nyeusi, imeungua kwa kasi ya kuingia hewani, na ndani lilikuwa la kijivu, limejaa vipunje vya mviringo. Alijua mara moja kwamba ni kimondo kweli, tena cha aina ya kale kabisa, mabaki ya vumbi lililotengeneza sayari. Alieleza anachokiona, akaomba apewe vipande vyote viwili avipeleke maabara.

Bi Sihaba alifikiri. "Kimoja chukua," alisema. "Kimoja kibaki."

"Ningefurahi zaidi nikipata vyote, mama."

"Najua ungefurahi."

Ramadhan alijaribu kumtetea mwalimu wake, lakini mama yake mdogo alikwisha kuinuka na kipande chake. Alipanda kwenye kigogo, akakisukuma darini juu ya meko, pale anapohifadhi mbegu za mahindi ili moshi uzikinge na wadudu. Ibtisam aliondoka na kipande kimoja kwenye begi, akishukuru, na ndani ya moyo akilalamika.

Wiki iliyofuata alikipeleka kile kipande kwenye karakana ya kukatia mawe. Ilikuwa kazi ya kawaida. Msumeno wa almasi huzunguka kwa kasi, na maji humwagika juu yake bila kukoma ili usipate moto. Ibtisam mwenyewe alisimama pembeni na kuelekeza mahali pa kukata. Jiwe lilitoka safi, limegawanyika vipande vyembamba kama mkate wa boflo. Alivikausha kwa kitambaa, akavichukua hadi maabara, akaweka kimoja chini ya hadubini.

Aliona vipunje vya mviringo alivyovitarajia. Kisha, katikati yake, akaona mashimo. Yalikuwa madogo sana, na mwanzoni alidhani ni nyufa. Alikuza zaidi. Mashimo yale yalikuwa ya mraba. Kona zake zilikuwa kamili, kuta zake zimenyooka, na pembeni mwa moja kulikuwa kumebaki utando mweupe.

Ibtisam aliinua kichwa. Hakuhitaji mashine yoyote kumwambia ni kitu gani kilikuwa kimekaa mle. Alikuwa amechuchumaa mbele ya vile visanduku utoto wake wote. Ilikuwa chumvi, chumvi iliyokuja ndani ya jiwe kutoka angani, na yeye aliiosha kwa maji ya bomba.

Katika vimondo vichache sana duniani chumvi kama hiyo imewahi kupatikana, na katika baadhi yake, ndani ya chumvi, matone ya maji. Alilijua hilo. Alikuwa amesoma kila kilichoandikwa. Lakini hata siku moja hakufikiri kwamba jiwe la namna hiyo lingemjia yeye, na kwa sababu hakufikiri, hakujihadhari. Alikagua vipande vyote. Vyote vilikuwa na mashimo matupu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za jengo, wanafunzi wakimsalimia na yeye akiitikia bila kuwaona.

Kilibaki kipande cha Bi Sihaba, ikiwa bado kipo. Hewa ya pwani peke yake ina unyevu wa kutosha kuila chumvi polepole, na mvua za masika zilikuwa zinakaribia. Ibtisam aliwaza la kumwambia mama yule. Angeweza kusema tu kwamba kipande cha kwanza hakikutosha. Ungekuwa ukweli nusu, na hakuna mtu Mkange ambaye angemgundua. Alimpigia Ramadhan akamwomba amwambie mama yake mdogo kwamba anakuja, na kwamba kuna habari mbaya.

Mawingu yalikuwa yametanda alipofika. Bi Sihaba alikuwa amekaa mlangoni akimsubiri.

"Mama, nimekiharibu kile ulichonipa," Ibtisam alisema, hata kabla ya kuketi. "Ndani yake kulikuwa na kitu cha thamani kuliko jiwe lenyewe. Kulikuwa na chumvi. Nilikikata kwa maji, ikayeyuka yote. Mimi ni mtu wa chumvi, baba yangu ni mtu wa chumvi, na sikuiona."

Bi Sihaba alimwonyesha mkeka aketi.

"Uliniambia wewe ni daktari wa mambo hayo."

"Ndiyo."

"Na bado ukakosea."

"Ndiyo, mama."

"Na umetoka Dar es Salaam kuja kuniambia, na mimi hata nisingejua."

Ibtisam alitikisa kichwa kukubali. Alihisi machozi yanakuja, akayazuia, kwa sababu hakutaka mama wa watu aone kwamba anaombwa kwa machozi.

"Sasa unataka hiki kingine," Bi Sihaba alisema.

"Nakitaka. Safari hii hakitaguswa na maji hata tone. Lakini ukikataa sitakulaumu."

Bi Sihaba aliingia ndani. Ibtisam alisikia kigogo kikiburutwa. Mama yule alirudi na kipande kile, kimefunikwa na masizi, kikavu na cha vuguvugu kama mkate uliotoka kwenye mkaa. Moto uliwashwa chini yake kila siku tangu kilipowekwa. Hakukiweka pale kwa ajili ya chumvi, maana hakuijua. Alikiweka pale kwa sababu ndipo alipoweka vitu asivyotaka vipotee.

"Chukua," alisema. "Ila mimi nataka kuiona hiyo chumvi kwa macho yangu kabla wazungu hawajaiona. Utanifuata?"

"Nitakufuata mwenyewe."

Ibtisam alirudi kwa kupitia nyumbani Bagamoyo. Mvua ya kwanza ilikuwa inaanza, na jiwe lilikuwa limefungwa kwenye mifuko mitatu ya nailoni. Maabara yake haikuwa na kifaa cha kukaushia hewa. Kilichokuwapo kilikufa zamani. Lakini njia moja aliikumbuka. Chokaa iliyotoka tanurini, kabla haijamwagiwa maji, hunywa unyevu wote ulio karibu nayo. Alimtuma mtu kwa wachomaji chokaa, akaletewa mawe yake yakiwa bado moto. Aliyapanga ndani ya mtungi mkubwa wa kioo, akaweka wavu juu yake, akaweka kimondo juu ya wavu, akafunga mfuniko na kuuziba kwa nta.

Mzee Himid alitazama yote hayo akiwa kwenye kiti chake barazani.

"Pilau hiyo?" aliuliza. Maneno yake yalikuwa mazito, lakini ucheshi ulikuwa umerudi wote.

"Ni chumvi, Baba. Imetoka mbinguni."

"Bei gani?"

Ibtisam alicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya msumeno.

Profesa wake wa zamani alimpigia simu kwa video baada ya kupata barua pepe yake. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe. Hakuficha furaha yake, na hakuficha pia alichokitaka.

"Litume jiwe lote kesho," alisema. "Una unyevu, una umeme unaokatika, una mashine ambayo mimi mwenyewe nilidhani imetupwa. Kila siku inayopita unapoteza chumvi. Jina lako litakuwamo kwenye makala."

"Litakuwa la ngapi?"

"Unajua mambo haya yanavyokwenda."

"Najua," Ibtisam alisema. "Una haki kuhusu unyevu. Ndiyo maana nimeuwekea chokaa. Nitaanza mimi. Nikimaliza ninachoweza, nitakuletea nisichoweza, kwa mkono wangu."

Baada ya kukata simu aliogopa. Kama angekosea tena, hapangekuwa na kipande cha tatu.

Siku ya kukipasua kile kipande alimleta Bi Sihaba maabara kutoka Mkange, akiwa na Ramadhan. Kiyoyozi kilikuwa kimewashwa tangu alfajiri na milango imefungwa. Ibtisam aliliingiza jiwe kwenye boksi la plastiki lenye chokaa pembeni, lenye matundu mawili ya kupitishia mikono iliyovaa glavu, na badala ya msumeno alitumia patasi ndogo na nyundo. Alipiga polepole, akiacha jiwe lipasuke linapotaka lenyewe. Lilipofunguka, kwenye kijivu chake kulionekana vipunje vya rangi ya buluu iliyofifia, kama vile mtu amedondosha ushanga kwenye majivu.

"Chumvi yenu ni ya buluu?" aliuliza Bi Sihaba.

"Hii imekaa angani ikipigwa na miali kwa muda mrefu. Ndiyo inaipa rangi."

Alichagua punje moja, akaiingiza kwenye kijirija cha kioo chembamba kama sindano, akakiziba kwa nta. Kwanza aliiweka chini ya hadubini. Alitazama, akakigeuza kijirija kidogo, akatazama tena. Kisha akainuka, akampisha Bi Sihaba kwenye kiti.

Ilichukua muda mama yule kujua wapi aweke jicho. Halafu akatulia.

"Kuna kitu kinatembea," alisema.

"Ni kipovu cha hewa, mama. Kama kile cha kwenye pima maji ya fundi ujenzi. Kinatembea kwa sababu kimo ndani ya tone la maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya kwenye mwamba mmoja angani, kabla dunia hii haijakamilika. Chumvi ilipokuwa ikijijenga iliyafungia ndani. Hayajatoka tangu hapo."

"Subhanallah." Bi Sihaba hakuondoa jicho. Kidole chake kiligusa kijirija, na kipovu kikaenda upande mwingine. Baadaye aliuliza, kwa sauti ya chini, "Na huko yalikotoka, kuna yeyote aliyekuwa akiyanywa?"

Ramadhan alitabasamu, lakini Ibtisam hakutabasamu. Watu wenye maabara kubwa na vyombo vya angani walikuwa wakiuliza swali lile lile kwa maneno marefu zaidi.

"Hatujui," alijibu. "Ndilo tunalolitafuta."

Mashine ya eksirei iliwashwa adhuhuri. Kazi ilikuwa haijafika nusu umeme ulipokatika. Chumba kikawa kimya, kiyoyozi kikazima, na joto likaanza kupanda. Punje ilikuwa salama ndani ya nta, lakini mashine ile ilikuwa na tabia ya kugoma kila inapozimwa ghafla. Umeme uliporudi, haikuwaka. Ibtisam aliwapeleka wageni wake kula, akarudi, akafungua kifuniko cha nyuma. Alishinda humo siku kadhaa, akiingia darasani kufundisha na kurudi na chaki mikononi. Alibadilisha waya, akasafisha mabomba ya kupoozea, akabembeleza na kutukana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ilipowaka aliogopa hata kuigusa. Alikaa mbele yake kwenye kigoda mpaka ikamaliza.

Mistari iliyotokea aliijua kwa moyo. Chembe hii na ile, hii na ile, juu na chini na pembeni. Ilikuwa imejipanga vilevile kama chumvi ya Nunge, tofauti haikuwapo hata ya unywele. Mahali pale palipokuwa na giza na baridi, pasipo na bahari wala jua la pwani wala mtu wa kukokota reki, chumvi ilikuwa imefuata sheria ile ile.

Alimwonyesha baba yake karatasi yenye mistari hiyo Ijumaa, baada ya swala. Mzee Himid aliishika kwa mkono wake mzima. Ibtisam hakujua alielewa kiasi gani. Alimtazama binti yake kuliko alivyoitazama karatasi.

"Ulirudi kwa ajili yangu," alisema, neno moja moja. "Nilidhani nimekuzima."

"Hukunizima, Baba."

"Kidogo," alisema.

"Kidogo," Ibtisam alikubali, akamshika mkono, na wote wawili wakaona nafuu kwamba limesemwa.

Mzee alifariki mwezi wa Rajabu, usingizini, na wakamzika siku hiyo hiyo. Muataz alifika kutoka Maskati akiwa amechelewa maziko. Alimkumbatia dada yake muda mrefu, na akamwomba msamaha kwa lile swali la kwenye simu.

Baada ya arobaini, Ibtisam alisafiri kwenda Uingereza na punje zake kwenye mkoba wa mkononi. Ofisa wa uwanja wa ndege alivigeuza vile vijirija kwenye mwanga.

"Nini hiki?"

"Chumvi."

"Unapeleka chumvi Ulaya?"

"Kidogo tu. Nitairudisha."

Kule walipima umri wake wakakuta unakaribia umri wa jua lenyewe, na wakafungua tone moja na kuyapima maji yake. Makala ilipotoka, jina la kwanza lilikuwa lake. Ramadhan alitajwa. Bi Sihaba pia alitajwa, kwa jina lake kamili na jina la kijiji. Profesa alimwalika kubaki, safari hii kwa cheo kikubwa. Ibtisam aliomba siku ya kufikiri, akatembea mjini kwenye baridi, na akagundua kwamba hakuwa na mtu tena wa kumrudisha nyumbani kwa lazima. Alikuwa huru kukaa. Akiwa huru hivyo, ndipo alipojua kwamba anataka kurudi. Walikubaliana awe akienda huko kila kiangazi kwa ajili ya kazi ya Europa, na Profesa amsaidie kupata chumba kikavu cha kweli na mashine ya kufaa kule Dar es Salaam. Chumba kilipatikana. Mashine ilichelewa sana bandarini, lakini nayo ikafika.

Alipokwenda Mkange tena, alipeleka sehemu ya kimondo iliyobaki, ndani ya chupa iliyozibwa, pamoja na picha kubwa ya lile tone. Bi Sihaba hakutaka picha itundikwe nyumbani kwake.

"Peleka shuleni," alisema. "Twende wote."

Darasani kwa Ramadhan watoto walikuwa wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Ibtisam alikuwa amejiandaa kuzungumza, lakini Bi Sihaba alitangulia mbele, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaanza kueleza jinsi alivyoinuka kufuata ungo. Alieleza mshindo, kigoda, moshi, safari ya Dar es Salaam na chumba chenye baridi. Alipofika kwenye maji alinyoosha kidole kimoja na kukiinamisha huku na huku, kuonyesha kipovu kinavyokwenda. Watoto wote wakainamisha vichwa pamoja naye.

Ibtisam alipata nafasi kwenye dawati la nyuma, kando ya msichana mmoja aliyemwachia nusu ya kiti. Bi Sihaba alisema kimondo kilitoka kwenye mwezi. Ramadhan alimtupia jicho mwalimu wake, kama anayeuliza arekebishe au asirekebishe. Ibtisam alimwashiria asubiri, amwache kwanza amalize.